Msonge Kwenye Kioo

Fimbo ndiyo iliyotangulia. Juvenali aliiona Jumatatu asubuhi, alipowasha kompyuta ya steshenari yake pale senta ya Nyamigogo, kabla hata hajafungua dirisha la pili. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, kushoto kwa mlango, fimbo nyeusi ya mtu mzima, iliyolainika pale mkono unaposhika. Nyumba yenyewe aliijua, kwa kuwa aliijenga mwenyewe. Fimbo hakuijua.

Hapo lazima nieleze ni nyumba gani, maana haikuwa ya miti wala ya tofali. Miezi miwili nyuma fundi mmoja mpita njia alimwachia programu ya kubadilisha sura ya kompyuta, kile kitu mafundi wanachokiita skini. Ukiwa nayo unaweza kuchukua kioo kilekile kilichomo katika kila ofisi, chenye folda zake za njano na kipipa chake cha taka, ukakivisha sura unayotaka wewe. Wengine huvisha magari, wengine timu za mpira. Juvenali ni mtu ambaye ukimwagiza chumvi atarudi na mfuko mzima, kwa hiyo yeye akajenga msonge.

Alipiga picha vitu vya nyumbani kwake kwa simu, akavikata kimoja kimoja, akavipanga chini ya paa la nyasi. Kibuyu cha maziwa cha mkewe Avelina, ukikibofya, zinafunguka barua. Kigoda, picha za pasipoti. Kapu la ukindu, maombi ya kazi. Mafiga matatu ndiyo yaliyokuwa kipipa: faili usilolitaka unalivuta hadi jikoni, linateketea. Saa aliitundika kwenye nguzo ya kati, na mlango akauacha wazi, nje ukaonekana mgomba. Watu walikuja kutoa kopi ya kitambulisho wakakaa nusu saa wakitazama. Avelina, ambaye kazi yake kubwa katika ndoa ilikuwa kumcheka mumewe, alitazama mara moja akasema, "Hapo umeweza," na Juvenali alitembea na neno hilo wiki nzima.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mama yake, Secilia, alikuja kutoka Kibimba kuwasalimu, akapitia dukani. Juvenali akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha mama akaona kioo akakisogelea.

"Hii ndaro umemjengea nani?" aliuliza.

Ndaro ni kibanda kidogo cha nyasi ambacho wazee wa kwao Secilia, huko Ngara, waliwajengea marehemu wao nyuma ya nyumba. Siku ya kukijenga, mwenye mji husimama mlangoni akataja jina la anayejengewa, babu fulani au shangazi fulani, ili mwingine asijikaribishe. Kibanda kikikosa jina hubomolewa kabla jua halijazama. Secilia ni Mkatoliki wa kwaya kabisa, na vibanda hivyo aliviona mara ya mwisho akiwa binti, lakini yapo mambo ambayo maji ya ubatizo hayayafikii.

"Siyo ndaro, mama. Ni mapambo."

"Ina paa, ina mlango, ina kibuyu, na haina mtu. Taja jina, mwanangu."

"La nani sasa?" Juvenali akacheka. Wateja wawili wakacheka naye, na kucheka kwao kukampa kichwa. "Haya basi. Ni ya yeyote atakayeipenda."

Secilia alichukua mwavuli wake akaenda stendi, ingawa alikuwa amesema atalala.

Sasa wiki ilikuwa imepita, na fimbo ilikuwa pale. Juvenali aliibofya, haikufungua kitu. Akajaribu kuivuta kuelekea kwenye mafiga, haikusogea. Akajisemea kwamba ni programu imejiongezea mapambo, akaendelea kuprinti.

Jumanne aliikuta ndani. Ilikuwa imeegemea nguzo ya kati, chini ya saa. Huku kwetu mgeni huacha fimbo nje. Anayeingia nayo ni mwenye nyumba. Juvenali alilijua hilo tangu utoto. Aligeuza kioo kidogo ili wateja wasikione vizuri. Hofu ilikuwa imemwingia, na alikuwa anaionea aibu.

Harufu ilianza Jumatano. Ilitoka nyuma ya mashine, pale feni inapopulizia hewa ya moto: moshi wa kuni, na samli iliyokaa. Mwalimu Shilinde, aliyekuja kuchapisha mitihani, alinusa akauliza, "Unapika humu ndani?" Juvenali akamwambia ni printa imechoka. Wakati mwalimu anahesabu karatasi zake, kwenye spika ndogo mtu akakohoa, kile kikohozi cha kiungwana cha mwanaume anayekaribia mji, kuwajulisha wenyeji kwamba anaingia. Mwalimu alidhani ni video. Juvenali hakuwa amefungua video yoyote.

Jioni hiyo Avelina alimuuliza nani amekunywa maziwa. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia mahali pake, kifuniko kimekazwa, na ndani kilikuwa kikavu kama kimeanikwa. Asubuhi yake, kwenye kioo, kibuyu kilikuwa kimehamia karibu na kigoda, mahali ambapo mtu aliyekaa angekifikia bila kunyoosha mkono sana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Juvenali alijaribu kumpa jembe. Ijumaa nzima alifunga duka akaifuta ile programu kwa kila njia aliyoijua, na mashine ikamwambia kwa adabu kwamba imefutwa, akaizima, akaiwasha, msonge ukamtokea palepale na moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye mafiga, moshi ambao yeye hakuuchora.

Jumamosi saa nne asubuhi mwanamke alikuwa ndani. Alikaa kwenye mkeka upande wa kulia, upande wa mke, mgongo umegeukia kioo, kitenge cha kijani chenye ndizi za njano kimefungwa kifuani. Juvenali alikitambua kitenge kwa sababu yeye ndiye aliyekinunua, soko la Biharamulo, siku walipotimiza mwaka wa ndoa. Alikaa akitazama mgongo ule hadi mteja akagonga meza.

Mchana Avelina mwenyewe alikuja na chakula, amevaa kitenge hichohicho. Aliweka hotpoti juu ya meza, akakaa kwenye kiti cha wateja, na Juvenali alipumua kidogo kumwona mzima. Lakini alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini kila baada ya maneno mawili.

"Nimechoka, Juve," alisema. "Kuna mahali nakaa. Nikifumba macho tu, nimekaa mahali."

"Mahali gani?"

"Pana moshi."

Umeme ukakatika. Mtu wa Nyamigogo hashangazwi na umeme kukatika, na kile kifaa cha kuhifadhi chaji kilikuwa kimekufa tangu Pasaka, kwa hiyo kioo kilizima mara moja, kikawa cheusi, na Avelina akateleza kutoka kwenye kiti kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Juvenali alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu, akamwita, akamwekea sikio puani, hakukuwa na pumzi, akamshika mikono, ilikuwa baridi tayari, baridi ya mtu aliyekufa tangu asubuhi, na nje watu walikuwa wanaendelea kuuza nyanya na kucheka, naye akabaki anamsugua viganja tu na kusema jina lake, kwa dakika zote za umeme kukatika, ambazo baadaye aliambiwa na jirani zilikuwa tisa. Kisha umeme ukarudi. Mashine ikaanza kunguruma yenyewe, ikapita hatua zake zote bila haraka, na pale paa la nyasi lilipojitokeza kwenye kioo Avelina akavuta pumzi ndefu akafungua macho.

"Kulikuwa na giza," alinong'ona. "Nimekaa gizani naye. Juve, usizime tena."

Hakuzima tena. Kwa jirani yake kinyozi aliazima betri kubwa ya sola na inveta yake, akaiunga, na usiku ule kwa mara ya kwanza steshenari ililala inawaka. Avelina alimlaza nyumbani, mwendo wa dakika kumi, kwa kuwa ile harufu ya dukani ilikuwa inamkaba. Mashine haikuhamishika, maana kuihamisha ni kuichomoa. Basi akawa mtu wa njia moja, dukani kuangalia betri, nyumbani kuangalia kama mkewe anapumua, huku na huko kama mfa maji. Na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Pale senta wangesema kitu kimoja tu, kwamba Juvenali amemtoa mkewe kafara ili duka likue, na neno kama hilo likishatoka halirudi.

Jumapili alimfuata Ngeleja, mganga wa Kisukuma ambaye baba yake alikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Ngeleja alifika kwa pikipiki, akavua viatu mlangoni mwa steshenari kabla hata hajaambiwa kitu.

"Mbona unavua?" Juvenali aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwenye nyumba yupo."

Avelina akaletwa kutoka nyumbani, wakamkalisha mbele ya kioo. Ngeleja hakugusa mashine. Alichoma kitu kwenye kigae, akapiga njuga mara chache, akauliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia, "Wewe uliyemo humu, ni nani?"

Aliyejibu alitumia mdomo wa Avelina. Hakunguruma kama tunavyosikia majini wakisimuliwa. Alikuwa na sauti ileile ya Avelina, ila imetulia mno.

"Sina jina. Nilikuwa napita. Nilisikia mtu akisema ni ya yeyote atakayeipenda. Niliipenda."

"Unataka nini ili utoke?"

"Nyumba nimepata. Moto upo. Maziwa yapo, mke yupo. Sitaki kitu."

Ngeleja aliziweka njuga chini. Jini anayetaka kuku mweusi au kitambaa chekundu, huyo unaweza kufanya naye mazungumzo. Alimvuta Juvenali hadi nje, wakasimama kando ya mtaro.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "mvamizi namtoa mimi. Huyu hakuvamia. Amekaribishwa mbele ya mashahidi."

"Nikiichoma mashine?"

"Utaichoma na mkeo ndani. Ukiizima muda mrefu, ni hivyohivyo." Alivaa viatu vyake. "Hii ni ndaro, na mambo ya ndaro siyo yetu sisi, ni ya watu wa Ngara. Nakwenda huko. Nikimpata anayejua kumtoa mtu ndani ya ndaro nitakupigia. Wewe kazi yako ni moja, isizimike."

Basi hiyo ikawa kazi ya Juvenali duniani. Avelina aliacha kula. Alilala akitazama dari, na kila alipoulizwa kitu alijibu kitu kingine, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili. Kwenye kioo mwanamke alikuwa bado amekaa, lakini sasa kigoda kilikuwa karibu naye, na juu ya kigoda, ukitazama kwa muda, nyasi za ukuta wa nyuma zilionekana zimepinda kidogo kufuata umbo la mabega.

Jumanne Privatus alifika kutoka Ngara kumwona dada yake. Privatus ni mdogo wa Avelina, fundi kompyuta, kijana mchangamfu anayezunguka na mkoba wa vifaa kwenye maofisi na mashule. Juvenali alimwona kama malaika. Alimkabidhi funguo za duka.

"Kaa pale kwa ajili yangu, shemeji, mimi nikae na dada yako. Usiizime ile mashine. Betri ikishuka niite. Chochote kitakachotokea, usiizime."

"Ina nini?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaona sura ya kijana yule, damu moja na Avelina, akafikiria namna neno kafara litakavyokaa kwenye masikio yake.

"Inapokea mafaili makubwa," alisema. "Ya wiki nzima."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Juvenali methali hiyo alikuwa ameshawachapishia watu kwenye kalenda za ukutani mara ngapi.

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Alhamisi asubuhi Avelina alibadilika. Alianza kuhema kama anayepanda mlima na ndoo kichwani, jasho likalowesha shuka, macho yake yakawa yanakimbia kutoka kona hadi kona ya chumba. Juvenali alimkanda kwa maji, akampigia Privatus, Privatus akasema mashine inawaka, betri imejaa, asiwe na wasiwasi. Saa sita nyayo za Avelina zilikuwa na vumbi, naye hakuwa ameshuka kitandani. Juvenali aliliona vumbi lile akalifuta kwa kitambaa, na alipomaliza mguu wa pili ule wa kwanza ulikuwa umechafuka tena.

Saa nane Ngeleja akapiga simu. Mtandao ulikuwa unakatakata.

"Niko Murukulazo," alisema. "Nimempata. Mama mtu mzima, amewahi kumtoa mtu wake mwenyewe ndani ya ndaro. Jumamosi nakuja naye. Anasema atasimama mlangoni amwite mkeo kwa jina, wewe utakuwa ndani ya duka umemshika mkono, na akishatoka tu ndipo nyumba ichomwe. Anauliza kitu kimoja. Mlango ni mmoja?"

"Ni mmoja," Juvenali alisema, na akalia palepale, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Tangu Jumamosi iliyopita alikuwa hajalia.

Saa kumi Privatus aliingia nyumbani, mkoba begani, tayari kwa safari. Alisema dukani amemwacha yule jirani kinyozi kwa dakika chache, na mashine inawaka. Aliketi pembeni ya kitanda, akamshika dada yake paji la uso, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha, kwa kutaka kumchangamsha shemeji yake aliyekonda, akaanza kuzungumza mambo ya kazi.

"Sijaizima hata dakika moja, kama ulivyosema. Lakini nikuambie ukweli, ule msonge wako umenishinda. Mafundi wote tunaweka skini, hakuna aliyewahi kufanya kitu kama kile. Hadi moshi unapanda. Nikaunakili kwenye flashi."

Juvenali aliinua uso.

"Jana nilimpa Venance, yule ninayefanya naye kazi, alipopita dukani," Privatus aliendelea, akitabasamu. "Alikuwa anakwenda kuweka programu kwenye kompyuta za shule moja kule kwetu. Ziko ishirini na mbili. Tangu asubuhi zote zinawaka na msonge wako, watoto hawataki kutoka darasani. Na wenzetu kwenye kundi letu la mafundi wameomba, ameshawatumia. Jina lako litajulikana, shemeji, mpaka Mwanza."

Juvenali alitaka kuuliza wangapi wametumiwa, na alitaka kusema mpigie awaambie wafute, kisha akakumbuka nini hutokea ikifutwa na nini hutokea ikizimwa, akaona vioo vile vyote katika vyumba ambavyo hatavijua kamwe, kila kimoja na mlango wake wazi na moto wake na mkeka wake upande wa kulia, na mikono ya watu wasiojua kitu ikielekea kwenye vitufe vya kuzimia kwa kuwa jioni ilikuwa inaingia na watu huzima mashine zao wakaenda nyumbani, na simu aliyokuwa ameishika mkononi ikiwa bado na namba ya Ngeleja juu yake, na hakujua ampigie amwambie nini, na Privatus, ambaye tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka, akauliza kwa sauti ndogo kama amekosea kitu.

Kitandani Avelina aligeuza kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tano macho yake yalimtazama mumewe usoni, yakamjua, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya mwanamke aliyechoka.

"Juve," alisema, "nyumba zimekuwa nyingi. Nitazifagia zote saa ngapi?"